Sahani ya Mama Ntilie wa Gungu: Nani Humo ni Mwenyeji?

Leo nina kisa kimoja, halafu somo kidogo. Kaeni mkao wa kula, maana habari yenyewe ni ya msosi.

Juzi juzi nilimsindikiza mshkaji wangu kwenye ofisi moja hapa mjini, alikuwa anafuatilia karatasi zake. Si mnajua, siku hizi bila kitambulisho hata laini ya simu husajili. Foleni ndefu, jua kali. Alipofika dirishani maswali yakaanza.

"Kijana, kabila gani?"

"Mmanyema, mzee."

"Babu yako kazaliwa wapi?"

"Hapa hapa Ujiji, mzee."

"Na baba yake huyo babu?"

"Huyo alitoka ng'ambo."

"Ahaa! Ng'ambo. Kwa hiyo wewe Mkongo."

Basi, imekula kwake. Karatasi zikawekwa pembeni, akaambiwa arudi siku nyingine na wazee wa kumthibitisha. Kwa wale msiotoka huku, Kigoma tukisema ng'ambo tuna maana ya ng'ambo ya ziwa, yaani Kongo. Siku ya hewa safi ukisimama pale Kibirizi milima ya kule unaiona kabisa kwa macho.

Tukatoka na njaa zetu, tukaingia kwa mama ntilie wetu. "Karibuni wanangu, leo kuna sombe." Tukaagiza. Kugeuka hivi, benchi la pili amekaa nani? Yule yule mzee wa dirishani! Anakata ugali wa muhogo kwa sombe, mawese yanang'aa vidoleni, dagaa pembeni. Mshkaji akanitazama, tukacheka tu. Mzee naye akatukaribisha, "Karibuni tule." Mtu mzuri tu, kazi ndiyo ilimtuma.

Lakini nilipofika nyumbani swali likanikaa kichwani. Hivi ile sahani nayo ikipangishwa foleni na kuulizwa babu yake alizaliwa wapi, kitabaki nini mezani? Nimeifuatilia. Majibu ndiyo haya.

UGALI NA KISAMVU CHAKE

Muhogo haukuumbwa Kigoma, wala Kongo, wala popote Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, pande za Brazil. Wareno ndio walioleta mbegu kwenye pwani ya magharibi ya Afrika, kule kwenye mdomo wa mto Kongo, miaka ya 1500. Kutoka pale ukasafiri kutoka shamba hadi shamba, kijiji hadi kijiji, bila pasi, mpaka ukafika kwenye ziwa letu. Na ninyi wa ugali wa sembe msicheke: mahindi nayo yalianza kulimwa Meksiko, kama miaka 9,000 iliyopita. Maharage? Amerika. Hayo hayo "maharage ya Kigoma" yanayogombaniwa sokoni Dar. Karanga, nyanya, pilipili, zote ndugu wa bara lile lile.

Sasa sombe. Ukienda Dar ukaomba sombe watakukodolea macho. Wao wanasema kisamvu. Lakini vuka ziwa uende Kalemie au Uvira, panda mpaka Bukavu, sema sombe, unaletewa. Burundi na Rwanda wanaita isombe. Kwa hiyo hilo neno linafuata ziwa, halifuati mpaka. Mpaka wenyewe ulichorwa na Wajerumani na Wabelgiji, na wakati huo watu walikuwa wameshavuka sana kwa mitumbwi.

NANI WALIVUKA, NA KWA NINI

Hapa tusiende haraka, maana ndipo penye kiini cha habari.

Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta tayari kuna Waarabu na Waswahili wa pwani wanafanya biashara, na kuna soko. Watu walinunua samaki, chumvi na mafuta ya mawese kwa shanga ndogo zilizoitwa sofi. Katika soko hilo hilo waliuzwa pia binadamu. Wenyeji walikuwa Wajiji, ambao ni Waha wa pembezoni mwa ziwa.

Miaka ya 1860 wafanyabiashara wale wakavuka ziwa kwenda magharibi kutafuta pembe za ndovu. Nchi ile waliiita Manyema. Leo ni jimbo la Maniema, Kongo, makao makuu Kindu. Miji yao ilikuwa Nyangwe na Kasongo. Hawakwenda kwa upole. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa pale Nyangwe siku ya soko, soko lililojaa akina mama waliokuja kuuza vyakula vyao, pale watu wa wafanyabiashara walipoanza kufyatua bunduki. Wengine walipigwa risasi, wengine walizama kwenye mto Lualaba wakikimbia. Makadirio yaliyoandikwa wakati ule yalikuwa kati ya watu 330 na 400. Livingstone akakata tamaa, akarudi Ujiji. Miezi michache baadaye Stanley akamkuta huko, na hicho ndicho kipande cha historia tunachowaonyesha watalii. Cha soko la Nyangwe hatukionyeshi.

Basi "Wamanyema" wengi waliokuja Ujiji walikuja hivyo. Kuna waliokuja kama mateka. Kuna waliokuja kama wapagazi wa pembe, kama askari wa misafara, kama wake wa wafanyabiashara, na kuna waliokuja kufanya biashara zao wenyewe. Walitoka makabila mbalimbali kule. Jina moja la Wamanyema lilikuja kuwakusanya wote huku. Wakaingia Uislamu, wakashika Kiswahili, wakajenga Ujiji. Wengine wakaendelea na njia ya misafara hadi Tabora na Bagamoyo na Dar. Pale Kariakoo hadi leo kuna Msikiti wa Manyema. Utumwa wenyewe ulikuja kupigwa marufuku kabisa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Yaani mzee aliyekuwa na miaka 90 mwaka 2000 alizaliwa kabla ya hapo. Si habari ya zamani za mbali kama tunavyodhani.

Sasa fikiria. Mtu aliyetekwa habebi sufuria, habebi kinu, habebi mbegu mfukoni. Anabeba mkono wake wa kupika na ulimi wake unaojua chakula kilivyokuwa kwao. Akifika ugenini akakuta muhogo upo, mchikichi upo, anatwanga. Hilo ndilo alilobaki nalo. Nikiona kinu uani kwa watu Ujiji, sikioni tena kama zamani.

Na safari ilikuwa ya njia mbili. Kule ng'ambo misafara ya pwani ilipeleka mpunga, ukalimwa Manyema, na pamoja na mpunga kikaenda Kiswahili, ambacho hadi leo ndiyo lugha ya mashariki ya Kongo. Sisi tukapata watu wao, wao wakapata wali wetu. Ila huo "wali wetu" nao asili yake ni Asia, ulipitia pwani. Haya, tuendelee.

RELI NA CHAPATI

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kabla yake mji ulikuwa Ujiji. Kigoma ikakua kwa sababu ya bandari na stesheni. Pamoja na reli wakaja wenye maduka kutoka Bara Hindi, na chapati, chai ya maziwa, bajia na sambusa zikawa kitu cha kila asubuhi. Wabelgiji nao walishika mji wetu kuanzia 1916 hadi 1921, na walipoondoka wakabakiziwa sehemu yao bandarini kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Mji huu umejengwa na watu wanaoshuka: kwenye mtumbwi, kwenye treni, kwenye meli ya Liemba.

Hata embe. Miembe ya Ujiji tunayojivunia, ile ya njia ya misafara, mti wake kwao ni Bara Hindi.

MAWESE: HAPA TUTAGOMBANA

Kila ukija msimu wa siasa utasikia jukwaani kwamba Wamalaysia walikuja Kigoma kuchukua mbegu za michikichi, sasa wao matajiri sisi tunaagiza mafuta. Inauma, na ndiyo maana inapendwa. Lakini wadau, kumbukumbu za mchikichi wa Asia zinasema vingine. Miche minne ilipandwa kwenye bustani ya Bogor, kisiwa cha Java, mwaka 1848. Hiyo ni miaka 10 kabla Burton hajaiona Ujiji! Michikichi ya mashamba ya kule ilitokana na hiyo minne, na shamba kubwa la kwanza la biashara Malaysia, Tennamaram, lilianzishwa 1917. Mchikichi wenyewe asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati.

Kwa hiyo kosa letu si kwamba tuliibiwa. Wao walimpokea mgeni, wakampa ardhi, wakamfanyia utafiti. Sisi tulikuwa naye muda wote. Serikali ilianza kampeni ya kufufua zao hilo Kigoma mwaka 2018, na kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha mbegu. Heri kuchelewa.

TUMEBAKI NA DAGAA NA CHUMVI

Hapo nikasema afadhali, dagaa hatoki mtu kumgusa. Dagaa ni wa ziwa Tanganyika, mwenyeji, mzawa, babu yake na baba wa babu yake.

Kumbe! Wanasayansi waliochunguza vinasaba wanasema ukoo wa dagaa wetu ulitoka baharini, upande wa Afrika Magharibi, ukaingia kwenye mito na kusogea mpaka huku, mamilioni ya miaka iliyopita. Dagaa naye alipita Kongo! Na hakuishia hapo. Aina moja, ile tunayoiita lumbu, ilibebwa na kupandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako inaitwa sambaza, na mwaka 1967 na 1968 ikapelekwa bwawa la Kariba, ambako wanaiita kapenta. Ukimwambia Mzimbabwe kapenta ni mgeni atashangaa. Kwake ni chakula cha nyumbani.

Kwenye sahani nzima nimembakiza mmoja tu ambaye sina la kumuuliza, chumvi ya Uvinza. Ile inatoka ardhini pale pale, na watu wamekuwa wakiichemsha kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi peke yake, wadau. Jaribu kushiba kwa chumvi.

WALIOFUKUZA WATU WAKABAKI NA CHAKULA

Msidhani haya ni mambo ya Kigoma tu. Tumetaja Meksiko, nyumbani kwa mahindi. Kule mwishoni mwa miaka ya 1800 na mwanzoni mwa 1900 waliingia Wachina wengi, hasa baada ya Marekani kuwafungia mlango kwa sheria ya 1882. Walijenga reli, walilima pamba, walifungua maduka. Mwaka 1911 katika mji wa Torreón wakauawa Wachina 303 kwa siku chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 jimbo la Sonora likawafukuza, na wanawake wa Kimeksiko walioolewa nao wakaondoka pia na watoto wao, wengine wakajikuta China, nchi wasiyoijua hata lugha yake. Leo hii, mji wa Mexicali, pale mpakani na Marekani, sifa yake kubwa ya chakula ni nini? Migahawa ya Kichina. Wenyeji wanakila Jumapili na familia, wanakiita chao. Rais wa Meksiko aliomba radhi rasmi kwa mauaji ya Torreón mwaka 2021, miaka 110 baadaye.

Karibu zaidi: Uganda. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke. Wakaondoka, biashara zikaporomoka. Chapati haikuondoka. Leo chakula cha barabarani ambacho Mganda yeyote atakutajia kwa majivuno ni roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai ndani.

Mnaona mtindo ulivyo? Binadamu tuna haraka ya kumkubali chakula, mpishi anasubiri dirishani.

SASA SHERIA INASEMAJE

Mimi si mwanasheria, lakini hili lichukueni, maana ndilo litakalokusaidia kwenye foleni. Kabila si uraia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi (huu ndio wa kuomba). Haikuwekwa orodha ya makabila humo.

Na kuna tarehe moja ya kuikariri: 9 Desemba 1961. Tanganyika ilipopata uhuru, aliyekuwa amezaliwa hapa, na angalau mzazi wake mmoja naye amezaliwa hapa, chini ya ulinzi wa Mwingereza, alikuwa raia siku hiyo hiyo bila kujaza fomu. Sasa piga hesabu. Mtu alivuka ziwa 1880. Mtoto wake akazaliwa Ujiji 1900. Mjukuu akazaliwa Ujiji 1930. Huyo mjukuu, usiku ule bendera inapandishwa, alikuwa Mtanganyika. Baba wa babu kutoka ng'ambo hakumfuti.

Sisemi mipaka isiwepo, wala sisemi maofisa wasiulize. Mkoa wetu umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miaka mingi, Nyarugusu ipo tangu 1996, na mkimbizi wa juzi na mjukuu wa Ujiji ni habari mbili tofauti kisheria. Hata hivyo nchi hii hii ilishawapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 wa mwaka 1972, kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kwa hiyo hata mgeni wa kweli ana mlango wake. Shida ni pale mzawa anapopelekwa kwenye mlango wa mgeni kwa sababu ya jina la kabila au lafudhi.

Ushauri wa bure: tafuta cheti cha kuzaliwa cha mzazi wako kama kipo, cheti chake cha shule, hata cha ubatizo au ndoa. Kama babu au bibi yuko hai, kaa naye jioni moja uandike: alizaliwa wapi, mwaka gani, wazazi wake walizikwa wapi. Usingoje siku ya foleni. Sisi tuna watu wengi ambao historia yao imeandikwa kichwani tu, na vichwa vinazeeka.

WAGENI WENGINE HAWA HAPA

Nimalizie na mchicha. Pale sokoni kuna mboga tunaiita chainizi, jina lenyewe linajieleza. Tunainunua kila siku na hakuna aliyeiuliza inatoka wapi. Na sasa Wachina wenyewe wanakuja: Desemba 2022 mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa na kampuni za China. Wale wa TAZARA, waliojenga kati ya 1970 na 1975, wengi walirudi kwao, ila zaidi ya 60 walifia kwenye kazi ile, na wengine wamelala makaburini Gongo la Mboto. Hawa wa sasa sijui wataacha nini. Labda miaka 50 ijayo kutakuwa na kijana wa Gungu mwenye babu wa baba yake kutoka Guangdong, anayeongea Kiha kuliko mimi, amesimama dirishani anaulizwa.

Natumaini atakayekuwa dirishani siku hiyo atakuwa amekula vizuri mchana, na anakumbuka alikula nini.

Mshkaji alirudi wiki iliyofuata na wazee wawili wa Ujiji, mmoja Mmanyema, mmoja Muha. Wameandika, wamesaini, bado anasubiri. Nitawajulisha.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kwenu sombe mnaiita nini? Na wewe babu yako alishuka na mtumbwi, treni, au alikuwepo akiwapokea? Tiririkeni hapo chini. Matusi sipitishi.

Naomba kutoa hoja.